Matofali ya Domitille

Tofali la kwanza lilitoka ukutani Domitille akiwa uani kwake Kasenga, mjini Uvira, anachekecha unga wa muhogo. Lilichomoka polepole kama jino la mtoto, likashuka chini bila kuvunjika, likajisogeza mpaka mlangoni, likatulia. Domitille aliliona. Alimaliza kuchekecha kwanza, maana upepo wa ziwani ulikuwa umeshaamka na unga hauachwi wazi.

Kilio cha mume wake kilikuwa kimeondolewa jana yake. Mathieu alikuwa mvuvi. Ini lilimuua, halikumpa hata nafasi ya kuaga vizuri. Viti vya kuazima bado vilikuwa uani, na shemeji yake Ezéchiel, mdogo wa marehemu, alipofika na wazee wawili wa ukoo, walivikalia bila kungoja kukaribishwa.

"Mama Aline," Ezéchiel alisema, akimwita kwa jina la binti yake aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, "pole tena. Lakini weye unajua, hii nyumba iko ya familia."

"Familia gani? Nilijenga na Mathieu."

"Mathieu alikuwa wa kwetu. Weye ulitoka Lubarika. Hatukufukuzi, hapana. Tunasema tu, mbele ya mvua kuanza, uwe umejua pa kwenda."

Mzee mmoja aliinua miguu ili tofali la pili lipite.

Tangu siku hiyo Domitille hakutulia. Alianza rozari akaiachia katikati, akaenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa na kitu motoni. Alifagia mahali palipofagiliwa. Akikaa alisimama, akisimama alitafuta pa kukaa. Sala yake ilikuwa moja, na aliisema akitembea: "Bwana, unichungie nyumba yangu." Aliisema akichota maji, aliisema akianika samaki wa ndagala, na kila alipoisema tofali lingine lilitoka na kwenda kukaa na wenzake mlangoni, likiangalia barabara.

Libérat, katekista wa shirika lao la kanisani, alikuja kumtembelea baada ya misa. Alipita pembeni mwa ukuta uliobaki nusu, akakaa.

"Mungu hamwachi mujane," alisema.

"Najua, Baba Libérat. Hilo silibishi. Minye iko nauliza ataniweka wapi."

"Hilo hajaniambia."

"Hata minye hajaniambia."

Libérat aligeuka kuangalia nyuma yake. "Sasa yanatoka upande wa chumba cha kulala," alisema. Akayanyunyizia maji ya baraka. Matofali yaliendelea kutoka, yakiwa yamelowa.

Ndipo Domitille alipoyatazama kwa karibu, akaona kwamba kila moja lilikuwa na alama ya dole gumba pembeni. Aliweka kidole chake pale, kikaingia sawasawa. Ndivyo alivyokuwa akiyafyatua zamani zile: Mathieu akiwa ziwani, yeye akikanyaga udongo na mimba ya Aline tumboni, na kila tofali likitoka kwenye kibao alilibonyeza kidogo, kama mtu anavyombonyeza mtoto shavuni. Matofali ya kununua hayakuwamo. Walikuwa hawajanunua hata moja.

Siku ukuta wa mwisho ulipotoka, wazee wa ukoo waliitwa waje waone. Misingi ilibaki, kwa kuwa mawe yake yalibebwa na Mathieu. Mabati pia yalibaki palepale yalipokuwa, juu, bila kushikwa na kitu, kwa kuwa Mathieu ndiye aliyeyaleta. Chini yake palikuwa peupe.

"Kumbe ukuta wote ulikuwa wake," alisema yule mzee aliyeinua miguu. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Ezéchiel alizunguka misingi, akapiga udongo kwa kisigino. "Ukuta ndiyo, wa kwake. Lakini udongo haujatembea," alisema.

Wazee walikubali kwamba udongo haujatembea. Walimtakia Domitille safari njema, na jioni ileile Ezéchiel alihamishia kitanda chake chini ya mabati.

Asubuhi iliyofuata Domitille alifunga mkeka, sufuria na nguo za kubadilisha, akajitwika. Alikuwa ameamua kurudi Lubarika, kwa kaka yake, wanakolima mpunga na wanakosema lugha aliyonyonya nayo. Alitokea barabarani akageukia kaskazini. Matofali yaligeukia kusini.

Alisimama. Yaliendelea.

"Kwetu ni huku," aliyaambia.

Yalikuwa yameshapita duka la kona, yamejipanga mstari mmoja kandokando ya lami, yakipisha pikipiki. Domitille alitazama njia ya Lubarika, yote aliyoijua, kila kijito na kila mwembe wa kupumzikia. Upande wa kusini hakuwa na muntu. Moyo ulimpiga kama wa mwizi. "Bwana," alisema, safari hii kwa sauti, mbele ya wachuuzi wa ndizi, "nilikuambia uichunge. Sikukuambia uitembeze." Akangoja. Akageuza mzigo kichwani, akayafuata.

Walipita Kalundu, penye bandari, maboti yakipakua mafuta na vitunguu. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto, limepanda tena mwaka ule, na miti iliyokuwa uani kwa watu ilisimama ndani ya maji. Domitille alitembea kwa haraka isiyokuwa na sababu. Akiwahi mbele alirudi nyuma kuangalia kama kuna tofali limebaki, akirudi nyuma aliogopa kwamba ya mbele yamempotea. Miguu iliuma, lakini kusimama kuliuma zaidi.

Kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, askari alishika kamba.

"Haya ni ya nani?"

"Ya kwangu."

"Yote?"

"Yote."

"Na bwana yako?"

"Alikufa."

Askari aliteremsha kamba mpaka chini ili matofali yasipate shida kuruka. Yalipita yote. Kisha akaiinua tena, kwa kuwa nyuma ya matofali kulikuwa na lori.

Makobola waliingia jua likiwa bado linawaka juu ya maji. Hapo matofali yalipunguza mwendo, yakaacha barabara na kukusanyika kwenye kiwanja kitupu karibu na kanisa la matope. Domitille alitua mzigo. Kwa mara ya kwanza tangu kilio, alipumua mpaka mwisho. Akaulizia mkubwa wa kijiji, akaelekezwa kwa André, ambaye alimkuta akitengeneza wavu.

André alikuja, akayahesabu matofali kwa macho, akalisifu lile lililokuwa karibu. "Udongo wa bonde. Umechomwa vizuri," alisema. "Na hiki kiwanja hakina mwenyewe. Ninaweza kukupa. Nipe tu jina la mwanaume."

"Sina mwanaume."

"Shemeji?"

"Ndiye anayelala kwa nyumba yangu."

"Basi kaka. Mama, hapa udongo hauwekwi kwa jina la mwanamke. Sio minye niliyeamua."

Domitille alifikiri. "Weka jina la Yesu," alisema.

André hakucheka, alikuwa mkristo. Alilipima jambo hilo kwa muda mrefu, sindano ya wavu ikiwa mdomoni. "Ni wa ukoo gani, kwa hapa kwetu?" aliuliza.

"Hana ukoo hapa."

"Unaona. Na anaweza kuja kuonyesha mipaka?"

"Sijui atakuja siku gani."

"Akija, tutaongea," André alisema, na alisema kwa heshima. Kiwanja kilipewa kijana wa mjomba wa André baadaye kidogo, naye akakiacha kiote majani.

Jioni ileile matofali yaliinuka, yakavuka barabara, yakateremka kwenye ukanda mwembamba wa mchanga ambao ziwa huumeza na kuutapika, na kwa hiyo hauna jina la muntu yeyote. Pale yalipandiana, moja juu ya jingine, yakafanya chumba kimoja na mahali pa mlango. Paa halikuwapo. Domitille aliingia, akatandika mkeka, akasikia maji yakigonga ukuta wa nyuma. Alisali, na sala ilikuwa fupi kwa sababu hakujua aombe nini. Akasema tu kwamba yeye, Domitille, yupo. Kisha akatoka kutafuta kuni.

Mama mmoja aitwaye Agathe, aliyekuwa akitoka kuosha vyombo, alisimama kutazama ukuta uliokuwa bado unajinyoosha kidogo pembeni.

"Mama, iko unakaa hapa?"

"Leo, ndiyo."

"Na kesho?"

"Ya kesho, minye na Mungu hatujaongea."

Agathe alikwenda jikoni kwake, akarudi na kijinga cha moto, akampa, akamwonyesha upande ambao mawimbi hayafiki haraka.