Filimbi Wodini

Mpira ulimpiga Refa puani kipindi cha pili, akikimbilia kona. Hospitalini daktari alimziba tundu la kushoto kwa utepe wa shashi ili damu ikatike, akasema atautoa kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Refa akawaka homa, ngozi ikawa nyekundu kana kwamba ameanikwa juani, na presha ikashuka mpaka akawa hajui yuko wapi. Manesi walimtundikia dripu na kumchoma sindano za kila namna, akazinduka.

Saa ya kuona wagonjwa, askari wa mwili wake walitoka puani. Walikuwa weupe, wadogo kuliko punje za mchele, nao waliuburuta ule utepe uliooza. Wakajipanga juu ya shuka, wameinamisha vichwa. Mama yake mdogo, aliyekuja kumjulia hali, alisogeza kikombe cha chai wasije wakatumbukia.

Refa akapuliza filimbi. "Nani kaanza?"

"Si sisi," alisema mmoja. "Siku zote walinzi wa doria mwilini hutuonyesha kwanza kipande cha nguo ya mwizi. Wachache wanaoitambua ndio hutoka. Safari hii sumu ya vijidudu vya kwenye shashi imetushikanisha mikono na walinzi, bila kuonyeshwa nguo yoyote, ikapiga ukelele: mwizi! Tukatoka mtaa mzima."

"Mwizi mlimwona?"

"Hatukumwona, Refa. Tulimpiga mwenye nyumba."

"Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi," alisema mama mdogo. "Pole, mwanangu."

Daktari alipopita, aliwasalimu askari, akautazama utepe, akaeleza kwamba kilichomwangusha mgonjwa ni mwili wake mwenyewe. Wenyewe si wamekiri?

"Sema ulisahau kuutoa," Refa alimwambia. "Neno moja tu, daktari."

"Mwili wako una hasira sana, dada."

"Unazo. Na bado hujaziona."

Akachomoa kadi nyekundu chini ya mto, akainyanyua. Daktari akaenda kitanda cha pili. Askari wakarudi puani mmoja mmoja, wakijipangusa miguu kwanza.

Siku hizi Refa husimama kwenye geti la hospitali kila asubuhi, kavaa sare yake nyeusi. Daktari akishuka garini, filimbi inalia, kadi inapanda. Daktari humpungia mkono na kuingia kazini. Wodini kuna mtu amezibwa pua tangu juzi.

Refa hupuliza tena, kwa nguvu zaidi. Ndani yake askari wote husimama wima, maana safari hii mwizi wamemwona.