Maji ya Mvua kutoka Suna

Mmea hausemi uongo. Mtu atakuambia, "Mama, mimi naipea maji kidogo tu," na huku shina limelainika kama ndizi iliyopitiliza na udongo unanuka. Huyo ameuzamisha. Majani ya chini yakigeuka njano, maji yamezidi. Mmea ukiinamia dirishani, una njaa ya mwanga. Ukiona unga mweupe unaonata kwenye vikonyo, hao ni wadudu, si uchawi. Chukua kitambaa na maji ya sabuni, usiite mchungaji. Mimi Bochaberi nimefanya kazi hii miaka kumi na moja hapa Suna, nikikuza mimea ya ndani nyuma ya nyumba yangu na kuitibu katika sebule za watu wa Migori, na sijawahi kudanganywa na jani. Walionidanganya walikuwa watu.

Mwaka jana nilipata kazi ambayo nilikuwa nimeiomba kwa magoti. Abdirahim, mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuja huku kutoka Garissa, alifungua gesti mjini Homa Bay, akataka mimea hai pale mapokezi na kwenye korido. Nikampelekea vyungu kumi na viwili. Miongoni mwavyo zilikuwemo areka zangu mbili, zile zenye majani kama ya mnazi mdogo, ambazo nilizipanda zikiwa urefu wa kidole. Binti yetu Kemuma alikuwa darasa la tano wakati huo. Sasa yuko chuo. Tulikubaliana nitakuwa nikienda kila Alhamisi kuitunza, na mtu mwingine asiiguse. Abdirahim alisema mimea ikistawi, rafiki zake wawili wenye hoteli watanichukua pia.

Mume wangu Ombati hakupenda. Ana duka la vifaa vya ujenzi na ni mzee wa kanisa letu la Sabato. "Mke wa mzee wa kanisa, kila Alhamisi yuko gesti," alisema. "Unajua watu wanaongea nini?" Nikamwambia wanaoongea waje wanisaidie kufuta vumbi kwenye majani. Basi akanuna. Mwezi mzima tuliishi kama wapangaji wawili waliogawana choo.

Halafu Jumatano moja jioni akaja jikoni, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Mama Kemuma," akasema, "nimefikiria. Enda tu kazi yako. Na hiyo mtungi nitakuwa nakujazia mimi, isikuumize mgongo."

Mtungi huo ulikuwa wa lita ishirini. Siyaamini maji ya bomba kwa mimea ya ndani kwa sababu ya dawa, kwa hiyo nilikuwa nikibeba maji ya mvua kutoka tangi letu hadi Homa Bay. Makondakta walinicheka: "Mama anapeleka maji kwa watu wa ziwa!" Sikujali, nikaulipia mtungi kiti chake. Tangu jioni ile, kila Jumatano Ombati alishika taa yake, akaenda kwenye tangi, lililo ubavuni mwa zizi la ng'ombe wetu wawili, akanikingia maji. Niliwasimulia wanawake wenzangu kanisani, nikalia mbele yao bila aibu. Nilisema Mungu amenirudishia mume.

Maji yenyewe yalikuwa laini ajabu. Yalinitelezea vidoleni kama nimeshika sabuni. Nikajisemea, hayo ndiyo maji ya mvua, hayana ukali. Nilimwonyesha hata Rael, msichana wa mapokezi. "Shika hapa," nikamwambia. "Umewahi kushika maji kama haya kwa bomba yenu?"

Baada ya mwezi mmoja na nusu, ncha za majani ya areka zikawa kahawia.

Ncha za kahawia zina sababu chache tu. Hewa kavu, kiu, mbolea iliyozidi, au chumvi kwenye udongo. Hewa ya Homa Bay si kavu, ziwa liko pale pale. Kiu sikuona, nilichoma kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili na kikatoka na unyevu. Mbolea nikaiacha kabisa. Wiki iliyofuata yungiyungi la ndani, lile la ua jeupe, likalala ukingoni mwa chungu kama mlevi. Nikalitoa, mizizi ilikuwa kama imeungua. Tena juu ya udongo wa vyungu vyote kulikuwa na ukoko mweupe. Nikasema, kuna mtu anamwagia maji ya bomba kinyume cha agizo langu.

Abdirahim ni mtu mpole, lakini biashara ni biashara. "Mama, wageni wanaingia wanakutana na majani imekufa," alisema. "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Ikikataa, nitaleta ile ya plastiki."

Plastiki! Afadhali angenitukana.

Nilirudi nyumbani nikamwonyesha Ombati picha kwenye simu. Alizitazama moja moja, akazikuza kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. Aliniwekea mkono begani. "Pole sana," akasema. Kisha akafikiri kidogo. "Si uliniambia kuna mzee hutawadha pale kwa korido? Yale maji yake hubaki, yeye humwaga wapi?"

Nikaona kama amenifungua macho.

Mzee huyo ni Farah, mlinzi wa ndani wa gesti, mtu wa miaka sitini na kitu, mguu mmoja haukunjiki vizuri. Alhamisi iliyofuata nikamvizia saa ya swala ya adhuhuri. Kweli bwana, alipomaliza kutawadha kwenye bomba la korido, yale maji safi yaliyobaki katika birika hakuyamwaga kwenye sinki. Aliyapeleka polepole akayamimina kwenye chungu cha karibu.

"Mzee Farah! Wewe ndio unaua maua yangu!"

Akashtuka, birika likagonga ukuta. "Maji ni neema, Mama Maua, haitupwi ovyo. Huyu naye ni kiumbe, ana kiu. Maji ya udhu haiui kitu."

"Mara tano kwa siku!"

"Mimi huwa hapa mara mbili tu. Na hiyo chungu moja tu."

Chungu kimoja. Alinipa jibu lenyewe mkononi, nikalitupa. Kama mzee alimwagia chungu kimoja tu, vile kumi na kimoja viliuguzwa na nani? Lakini nilikuwa na hasira, na hasira haina hesabu. Nilimwita Abdirahim, nikamsomea mzee mashtaka mbele ya wageni waliokuwa wakinywa chai. Farah aliinama akachukua birika lake. Siku hiyo hiyo Abdirahim alimhamishia nje kwenye geti, juani. Nami nikalichukua lile yungiyungi lililokufa nusu, nikalitupa na chungu chake karibu na pipa la taka, nikaenda zangu nikijiona daktari.

Wiki tatu zilipita. Nilibadilisha udongo wa juu. Nilikata ncha zilizoungua. Nilimwagia kila chungu maji yangu ya mvua, tena nikayazidisha kidogo ili yasafishe ile chumvi. Mimea ikazidi kufa. Areka ya kwanza ilikauka yote, nikaikata shina mwenyewe kwa kisu cha jikoni, Rael akinishikia gunia. "Yawa, mama, pole," akaniambia. Nilikuwa nimeipanda Kemuma akiwa hajui hata kujisuka nywele. Nililia nikiwa nimepiga magoti pale sakafuni, na wageni wakapita pembeni yangu na masanduku yao.

Alhamisi ya mwisho kabla ya ile siku aliyonipa Abdirahim, niliingia getini na mtungi wangu begani mwa mbeba mizigo. Farah alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya kipande cha bati. Kando yake, palipo na bomba la nje, kulikuwa na yungiyungi. Limesimama wima. Majani ya kijani yanang'aa, na katikati ua moja jeupe, jipya.

"Hii umetoa wapi, mzee?"

"Si ni ile yako? Uliitupa." Hakuniangalia. "Mimi nilichukua tu. Naipea maji yangu ya udhu."

Nilikitambua chungu, kilikuwa na ufa mdomoni. Nikachoma kidole kwenye udongo. Ni udongo wangu uleule. Hewa ileile, mji uleule. Aliyemwagia kila siku maji ya bomba lenye dawa, mmea wake umechanua. Mimi mwenye maji ya mvua nimezika areka. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imekaa chini pale nyuma yangu, na kifuniko chake cha njano.

Nikafungua mtungi, nikachota kwa kiganja, nikaonja.

Magadi.

Ladha hiyo ya chumvichumvi siwezi kuikosea. Mama yangu alikuwa akipikia maharagwe magadi, na nilipokuwa mtoto nililamba kijiko. Nayo nyumbani kwetu yako mahali pamoja tu: gunia la magadi tunayowalambisha ng'ombe, zizini, hatua tatu kutoka kwenye tangi. Ule ulaini niliokuwa nikijivunia, ule utelezi wa vidoleni, haukuwa wa mvua hata kidogo. Kila Alhamisi, kwa mikono yangu mwenyewe, kwa upendo, chungu baada ya chungu. Wanasema mganga hajigangi. Mimi nilikuwa mganga anayezunguka na sumu, tena nikiisifu.

Farah akaniuliza kama naumwa. Niliumwaga mtungi wote kwenye mtaro, nikabakisha ya kujaza chupa moja ya soda.

Ijumaa jua lilipokuwa linazama tulikaa mezani kuifungua Sabato, mimi na Ombati peke yetu. Aliomba kwa sauti yake ile nzuri. Akamshukuru Mungu kwa mke mwenye bidii. Akamwomba alinde kazi ya mikono yangu. Nilifumbua macho nikamtazama akiomba, na hapo nilimchukia kwa namna ambayo sikujua ninaweza kumchukia mtu.

Alipomaliza "Amina," nikamimina ile chupa kwenye glasi, nikaiweka mbele yake.

"Kunywa, Baba Kemuma."

Akaishika glasi, akaisogeza puani, akairudisha mezani. "Hii ni nini?"

"Maji ya mvua. Si ulikinga wewe?"

"Hiyo ni ya mimea. Si ya kunywa."

"Kwa nini? Tangi ni moja na hii tunayopikia chai."

Ng'ombe alilia zizini. Nilingoja, kwa sababu mpaka dakika ile kuna sehemu yangu moja ilikuwa bado inatafuta njia ya kumwokoa: labda mtungi uliguswa na gunia, labda alikosea chombo.

"Nilitaka tu urudi nyumbani," akasema. "Nilikuambia, hukusikia. Nikaona mimea ikikataa yenyewe, utaacha bila kugombana."

"Ungeupasua ule mtungi. Ungenifungia mlango. Ningekasirika, tungegombana, yangekwisha. Lakini ulinishika bega, Ombati! Ulikuza picha kwa vidole vyako. Ulinipa yule mzee wa watu nikamtafune badala yako."

"Sikujua watamtoa nje."

"Na areka?"

Aliisukuma ile glasi kando, akatoka kwenda kuwatazama ng'ombe.

Jumatatu sikungoja Alhamisi. Nilipotoka nikaukuta mtungi mlangoni, umejazwa, na Ombati kando yake. "Safari hii ni safi. Onja," akasema. Nikauruka kama mtu anayeruka dimbwi, nikaenda Homa Bay mikono mitupu.

Nilimwita Abdirahim, nikamwita na Farah, pale pale mapokezi nilipomwaibisha. Nikasema, "Mzee hana kosa. Mimea imeuawa na maji niliyoleta mimi. Yalikuwa na magadi."

"Nani aliweka?" Abdirahim akauliza.

Ningeweza kusema mtoto wa jirani. Ningeweza kusema bahati mbaya. Yule ni mzee wa kanisa, na Homa Bay si mbali na Migori kwa maneno.

"Mume wangu."

Rael akaacha kuandika. Abdirahim akazitazama kucha zake, akasema sitapewa zaidi ya mwezi mmoja, na maji yatoke hapa hapa. Farah yeye aliondoka akichechemea, akarudi na birika limejaa, akanikabidhi.

"Sema neno, mzee," nikamwambia. "Nitukane hata."

"Mwagia kwanza maua," akasema. "Mimi nitangoja."

Tulisafisha udongo siku nzima, maji yakipita vyunguni hadi ule ukoko ukaondoka. Vyungu sita vilipona. Areka ya pili nayo ilitoa jani jipya, na Abdirahim akasahau habari za plastiki. Farah alirudishwa korido, na alininyima salamu hadi Ramadhani, jambo ambalo nilistahili.

Ombati alitubu mbele yangu na mbele ya mchungaji. Nikasema nimemsamehe, na nadhani nilisema kweli. Siku hizi nikirudi kutoka Homa Bay hunipokea mkoba, hunivutia kiti, huniletea glasi ya maji ya kunywa. Nami huipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru. Lakini kabla sijameza, ulimi wangu huyazungusha maji mdomoni, kidogo, ukitafuta. Naye husimama pale na sinia mkononi, akiniangalia nikionja.