Fisi Aenda Kuona Mtoto

Njooni karibu, na ambaye hajanawa mikono akanawe, kwa maana hadithi hii ina ndizi.

Palikuwa na fisi karibu na Kiritiri, jina lake Ciakuthii. Hizo ni siku ambazo wanyama wa Mbeere walienda sokoni wamejifunga leso, wakibishania bei kama sisi. Siku moja sokoni rafiki yake Virginia, ambaye alikuwa swala, alimwambia, "Nimejifungua. Uje kwangu Siakago umwone mtoto. Nitakupa umbebe."

Ciakuthii akakaa chini palepale, juu ya nyanya za watu. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumpa mtoto ambebe. Akina mama wakimwona tu, huanza kuhesabu watoto wao.

Sasa, kwetu mtu haendi kuona mtoto mchanga na kiondo kitupu. Ciakuthii akajaza chake ndizi mbivu na viazi vitamu, akaweka mshipi kwenye paji la uso, akashika njia pamoja na jirani yake Cicily. Cicily alikuwa kobe. Ukitembea na kobe, njaa inakupata kabla hujapita ua lako.

"Cicily, kiondo changu kimelalia upande mmoja."

"Kisawazishe basi."

Ciakuthii akala ndizi za upande ule. Kiondo kikalalia upande wa pili. Akala za huko pia.

"Kimekaa sawa?" Cicily akauliza.

"Bado kidogo," Ciakuthii akajibu, mdomo umejaa kiazi.

Siakago ilipoanza kuonekana, kiondo kilikuwa kimekaa sawa kabisa. Ndani hamkuwa na hata ganda. Ciakuthii akaangua kilio.

"Nitaingiaje? Mama mkwe wa Virginia yuko mlangoni, yule Kathure! Hanitaki hata nikija na mzigo."

"Chukua nusu ya ndengu zangu," Cicily akasema. Na ndengu hizo alikuwa amezichuma mwenyewe, kwa mwendo ule wake.

"Usinipe, dada yangu. Nitazila."

Kweli, Kathure alikuwa mlangoni, swala mzee mwenye mwiko mkononi. "Wewe! Kiondo chako kina nini?"

Ciakuthii akababaika. Akafungua kiondo, akatumbukiza kichwa mpaka shingoni.

"Kina mimi!" sauti ikatoka ndani.

"Toa kichwa humo!"

Akavuta. Masikio yakakwama. Cicily akamvuta mkia, wageni wengine waliokuja kuona mtoto wakamvuta Cicily, wote wakaanguka chali. Kiondo hakikutoka.

"Haya, si kitupu," Kathure akakubali. "Lakini mtoto hapewi fisi. Fisi ana meno."

Virginia akatoka na mtoto wake, Njuki. "Meno yenyewe yako wapi, mama?"

Kathure akakizunguka kiondo. Akakigonga kwa mwiko. "Yako ndani."

"Na mtoto je?"

"Yuko nje," Kathure akasema, akapisha mlango.

Basi Ciakuthii akaketi, akapewa Njuki. Hakuthubutu hata kupumua.

"Ana masikio?" akauliza kutoka kiondoni.

"Anayo mawili."

"Na miguu?"

Njuki akajibu mwenyewe. Alirusha teke moja, kiondo kikachomoka, kikaruka na kumfunika Cicily.

Mdomo wa Ciakuthii ulikuwa wazi, na mtoto yuko chini ya kidevu chake. Tumbo lake likanguruma. Kathure akainua mwiko.

Ciakuthii akamtazama Njuki kwa mara ya kwanza. "Kumbe ana kope," akasema polepole. Kisha akasema, "Mama Kathure, mchukue upesi. Mimi nampenda sana, lakini tumbo langu silijui vizuri."

Kathure akamchukua. Akaweka mwiko chini. Kisha akaleta uji wa wimbi katika kibuyu kikubwa kuliko vyote. Ciakuthii alipomaliza, Kathure akamwongeza bila kuombwa. Akampa na kiti chenye mgongo, kile anachokalia yeye. Halafu akamweka Njuki tena mapajani mwa fisi, ambaye sasa alikuwa ameshiba, akakaa karibu nao akimenya maharagwe.

Jioni akajaza kiondo viazi, kwa sababu mgeni naye harudishwi na kiondo kitupu. Akakifunga vizuri, akambebesha Cicily.

"Ciakuthii, uje tena Jumapili," akasema.

"Nilete nini, mama?"

"Usilete kitu. Kula kwanza, halafu uje."