Mshono wa Ekzosi

Mtaani baba yetu aliitwa Mzee Sikio. Alikuwa akiinamia injini, anafumba macho, anasikiliza, kisha anagusa skrubu ya kabureta kidogo tu na gari linatulia. Baadaye masikio yakaanza kumtupa mkono. Siku mteja alipomrudishia gari likitoa moshi mweusi, alifunga sanduku la vifaa na kusema kazi basi. Akabaki sebuleni kugombana na redio.

Dada yangu, fundi wa kuchomelea, hakubishana naye. Alitafuta sensa ya oksijeni, ile inayofungwa kwenye ekzosi na kupima kama injini inapata petroli nyingi au hewa nyingi, akaja nayo nyumbani pamoja na geji yake. Baba akanuna. Alisema vitu hivyo ni vya watu wasiojua kazi.

Dada akamsogelea sikioni. "Baba, kazi unaijua. Hiki kitakuonyesha tu kile ulichokuwa unakisikia."

Asubuhi akaliinua gari la baba, ambalo nalo lilikuwa likitoa moshi, akachomoa nyaya za betri, akajilaza chini yake. Alitoboa ekzosi upande wa juu, maana maji yanayojikusanya ndani ya bomba yakiifikia sensa yanaiua. Kisha akachomelea nati ya kuishikilia, mzunguko mzima, bila kuinua mkono. Baba, aliyeapa hatoki ndani, akajikuta amepiga magoti kando ya gari. Chuma kilipopoa alipitisha ukucha kwenye mshono, akarudia. Hakukuta tundu wala donge. Sensa aliikaza kwa mkono wake mwenyewe.

Wakawasha. Namba za geji zikarukaruka. Baba akashika bisibisi, akageuza skrubu ya kabureta, akatazama, akageuza tena kidogo. Namba zikatulia, na moshi ukaisha. Akaweka kiganja kwenye bodi ya gari, akakiacha hapo. Dada akajifanya anafuta miwani.

Jirani aliyekuwa akipita akauliza kulikoni. Baba akamshika mkono, akamwinamisha hadi chini ya gari.

"Mshono huo ni wa binti yangu," akasema, kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu. "Mimi nimeshika vyuma kabla hajazaliwa, na sijawahi kuchomelea hivyo."

Dada, uso umemwiva, akamwomba apunguze sauti. Baba hakusikia, au alijitia hasikii. Alikuwa tayari anamwita jirani mwingine.