Kitovu cha Fathiya

Mume wangu Abdulwakil ananunua vitambaa soko la Zhongda, huku China, na ni mtiifu wa taka. Kwao Makunduchi hakuwahi kushika hata ufagio, lakini Guangzhou hii, tangu jengo letu liwekewe mapipa ya rangi, anachambua kila kitu. Maganda kijani, makopo na karatasi buluu, na kopo sharti lioshwe kwanza. Mie nimelelewa kwamba hakuna kopo tupu duniani. La maziwa likiisha maziwa, ndiyo kwanza linaanza kazi.

Ilikuwa miezi ile ya unyevu, kuta zinatoa jasho, nami na mtoto mchanga sijui nimelala au niko macho. Asubuhi moja nikaliona kopo langu la maziwa dirishani, limeoshwa, limefudikizwa.

"Kilichokuwamo kiko wapi?"

"Kile kitangawizi kilichokauka? Nimekitia kwenye maganda, nimeshateremsha."

Kitovu cha mwanangu. Nilikifunga kwa pamba siku kilipodondoka, nikakiweka koponi, ili tukirudi tukakizike Makunduchi, juu yake upandwe mnazi, asije akaambiwa hana kwao. Nilimwambia Abdulwakil maneno nisiyoweza kuyarudia. Akakaa chini, akashika kichwa.

Nikashuka na Fathiya begani. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka kwenye ngazi, nikaona kama nashuka tu wala sifiki. Chini alikuwapo ayi Chen, ayi kwao ni kama mama mdogo, bibi anayesimamia mapipa. Nikamfunulia tumbo la mtoto, nikagusa kitovu, nikaonyesha pipa la kijani. Alielewa kabla sijaanza kulia.

Akanishika mkono mpaka nyuma ya jengo, kwenye kibustani chake. Maganda ya asubuhi alishayafukia chini ya mlongani, mti wa matunda kama mashokishoki. Tukafukua kwa mikono, mie na yeye, mvua nyembamba ikituangukia. Udongo ulikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni. Hatukukiona.

Nikampigia mama Unguja. Nikamweleza yote, hata huo mti.

"Huo mti unazaa?"

"Unazaa, mama."

"Matunda yake wanakula watu?"

"Wanakula."

"Basi mtoto kishazikiwa kitovu. Rudisheni udongo."

Nililia sana, maana nilitaka iwe Makunduchi, na haitakuwa tena. Ayi Chen aliurudisha udongo, akaupigapiga kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Nikamgeuza Fathiya autazame mti.

"Salimia kwenu," nikamwambia.