Chuma cha Zizini

Limi alikuwa amenuna tangu asubuhi, na sababu zilimtosha hata kabla hajaijua ile kubwa.

Kwanza, ile miti miwili. Alikuwa ameiegemeza nyuma ya nyumba kwa ajili ya ghala jipya la mtama, miti mirefu iliyonyooka, ya kutafutwa porini siku mbili nzima. Mwanawe Mihayo, aliyefika jana yake kutoka mgodini Geita, aliichukua bila hata kusema naomba. Akausimamisha mmoja huku na mwingine kule uani, na juu kabisa ukakazwa waya wa shaba ambao hata kuanikia nguo usingefaa.

Pili, ukuta. Ule ukuta Limi aliupaka kwa mikono yake mwenyewe wiki mbili zilizopita, akausugua mpaka ukateleza. Sasa fundi aliyekuja na Mihayo alikuwa ameupasua kwa tindo kutoka dirishani mpaka chini, mfereji ulionyooka kama umepigwa kwa rula.

Na tatu, maji. Ilikuwa Septemba ya mwaka hamsini na sita, mito imekauka, na wanawake wa upande ule wa Kolandoto walikuwa wakifukua mchanga mpaka kiunoni ili wapate maji ya kuchota kwa kata, kidogo kidogo. Fundi alichukua debe zima akakandia udongo.

"Usijali, mama," alimwambia. "Nikimaliza hutaona hata uzi."

 Limi alijitwika mtungi akaenda tena kisimani, huku akisema peke yake njia nzima maneno ambayo si ya kuandikwa.

Fundi huyo aliitwa Pantaleo, mtu wa Bukoba, mwembamba, kaptula yake imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata. Kule mgodini kazi yake ilikuwa kengele na taa, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuvumilia waya unaoning'inia. Alisema ameona Mwanza nyumba za watu wenye redio nzuri, na waya zimetapakaa ukutani kama matumbo ya mbuzi, na yeye akashindwa kula chakula alichokaribishwa. Waya wake alikuwa akiulaza ndani ya ukuta, akaufunika kwa udongo, akaulainisha kwa kiganja. Ule wa kwenda ardhini aliuchimbia mfereji mwembamba toka ukutani, ukavuka ua, akaufukia, kisha akafagia mpaka alama ya jembe ikapotea. Limi aliporudi saa tisa na mtungi kichwani, alikuta ua msafi kuliko alivyouacha, na ukuta mzima kana kwamba haujaguswa. Hilo nalo lilimuudhi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kugomba na sasa hakuona pa kuanzia.

Redio yenyewe ilikuwa juu ya meza, sanduku la mbao ya kahawia lenye kitambaa mbele, na chini yake betri yenye ukubwa wa tofali. Majirani walikwisha kujaa uani. Waliambiwa kwamba saa kumi na moja watu wa Dar es Salaam wataanza kusema, na hakuna aliyetaka kulikosa neno la kwanza. Mageni, mdogo wake marehemu mume wa Limi, alikuwa ameletewa kigoda mbele kabisa, na akakikalia kama mtu anayesubiri kesi yake itajwe.

Mihayo alisimama katikati yao, suruali ndefu, saa mkononi, akieleza. Redio kama hii wanayo watu wawili tu pale mgodini, na mmoja wao ni Mzungu. Alivyomwona mama yake anautua mtungi kivulini, alimwita kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Mayu, njoo upewe kazi yako. Ni moja tu. Kila jioni mwaga ndoo moja ya maji pale kwenye chuma."

"Kila jioni?"

"Wakati huu wa kiangazi. Waya wa ardhini umefungwa kwenye chuma hicho, nao unataka udongo mbichi, la sivyo sauti inakwaruza. Si lazima maji safi. Hata uliyoogea, hata ya vyombo. Na mara moja moja utie chumvi."

"Nimwage wapi?"

"Zizini. Ukiingia tu mlangoni, mkono wa kulia. Utaona kichwa cha chuma kimechomoza kidogo, kama kidole."

Limi alikuwa na kata mkononi. Akaitundika pale inapotundikwa, taratibu.

"Hebu rudia," akasema.

Mihayo akarudia, safari hii polepole zaidi, kama anavyosemeshwa mtu asiyesikia vizuri, na vijana wawili watatu wakacheka.

Sasa, kila mtu mzima aliyekuwa pale uani alijua mwenye mji huzikwa wapi. Bujiku, mume wa Limi, alizikwa ndani ya zizi lake, kama baba yake na babu yake. Alizikwa asubuhi, na jioni ng'ombe wakarudishwa humo humo, wakamkanyagia udongo mpaka kaburi likalingana na ardhi. Halikuwekwa jiwe, halikuwekwa mti. Aliyekuwepo siku ile anajua ni wapi, na ambaye hakuwepo huonyeshwa na aliyekuwepo. Ndivyo ilivyo. Na ni hatua tatu kutoka mlangoni, mkono wa kulia.

Lakini wale majirani hawakuwa wamefikiri. Macho yao yalikuwa kwenye sanduku. Hata Mageni alikuwa akiinama kukitazama kile kitambaa, akijiuliza huyo msemaji anapumulia wapi.

Limi alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni. Haikuwa tena ile ya miti na ukuta. Ile ilikuwa hasira ya mchezo. Hii ilimkausha mdomo. Kwenye pembe ya ua kulikuwa na ndoo ya maji aliyooshea vyungu asubuhi, meusi, yanaelea masizi na makombo ya ugali. Akaiinua.

"Njoo unionyeshe," akamwambia mwanawe. "Mimi ni mzee, nisije nikakosea."

Mihayo akamfuata huku akitabasamu. Watu nao wakainuka, maana saa kumi na moja ilikuwa bado na zizi lilikuwa karibu. Ng'ombe walikuwa hawajarudi malishoni. Ndani ya ule uzio wa miiba samadi ilikuwa imekauka juu na mbichi chini, na pale pale, hatua tatu, kichwa cha chuma kilikuwa kinang'aa kwa kugongwa.

Limi akaiweka ndoo mbele ya mwanawe.

"Mwaga."

"Mimi?"

"Wewe. Nataka nione unavyomwaga, kesho nifanye hivyo hivyo."

Mihayo akaishika ndoo, mkono mmoja kwenye mshikio na mwingine chini ya kitako. Akaiinamisha. Maji meusi yalikwisha kufika ukingoni Mageni alipopiga kelele.

"Mihayo! Weka chini! Weka chini, wewe mtoto!"

 Wanawake wakaziba midomo kwa viganja. Mzee mmoja aliyekuwa ameingia na viatu alivivua, akavishika mkononi.

"Kuna nini?" Mihayo akauliza, na bado alikuwa ameishika ile ndoo.

"Anauliza kuna nini," Limi akawaambia watu. "Mmemsikia? Msomi wangu anauliza kuna nini."

Pantaleo, fundi, ndiye aliyeelewa kabla ya Mihayo. Alipiga magoti hapo hapo kwenye samadi, kaptula yake na pasi yake yote.

"Mama, nisamehe. Kwetu tunazika kwenye migomba, lakini zizi la watu najua lina mambo yake. Nilimuuliza. Nikamwambia, Mihayo, hapa hapana kitu? Akaniambia ni zizi tu. Na chuma kilivyoingia, nikashangaa. Kwingine udongo mgumu kama saruji, hapa kikazama karibu bila nyundo."

"Zizi tu," Limi akasema.

"Mayu..."

"Zizi tu!" Sasa alikuwa anapiga kelele na hakujali. "Umesema hivyo kwa mgeni? Mtu wa Bukoba anauliza, mtoto wa nyumba hajui? Baba yako amelala chini ya miguu yako na wewe unataka nimmwagie maji ya vyungu! Na chumvi! Kila jioni!"

Mihayo aliiweka ndoo chini. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini watu walikuwa wengi, na saa ilikuwa mkononi, na mtu aliyekuja na redio hapendi kuzomewa mbele ya majirani.

"Mayu, tukazungumze ndani. Watu wanatazama."

"Ndani? Miaka mitatu tangu azikwe umekuja mara mbili, na mara zote umekaa ndani. Umekunywa chai, umeuliza ng'ombe wangapi wamezaa, umepanda baiskeli ukaondoka."

"Sikuwepo siku ya mazishi. Mnajua sikuwepo. Sasa ningejuaje?"

"Ungeuliza!"

"Barua ilichelewa..."

"Ya msiba ilichelewa. Na zile tatu za ugonjwa? Miezi miwili amelala Kolandoto hospitali, kila gari moshi la Mwanza likipiga honi ananiuliza kama umeshuka. Ukaleta nini? Ukatuma blanketi. Tumemzika nalo."

Mageni alisogea akataka kumshika shemeji yake mkono. Limi akaukung'uta.

"Niache, shemeji. Na wewe ulikuwa umekaa mbele pale unasubiri sanduku lizungumze. Wote nyie! Mmemwona anachimba, mmemwona anafukia, mnasifu tu usafi."

Mageni akarudi nyuma hatua moja, maana ilikuwa kweli.

Ndipo Limi akainama akakishika kile chuma kwa mikono miwili. Kilikuwa chuma cha kutobolea mwamba, kilichostaafishwa mgodini, kirefu na kizito, na kilikataa kutoka. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Vijana wawili wakataka kumsaidia, Mageni akawazuia kwa mkono.

"Aliyekitia yupo," alisema.

Mihayo akatazama watu, akatazama mama yake anavyohema. Akaivua saa, akampa Pantaleo. Akaukata ule waya kwa koleo la fundi, akakishika chuma, akakizungusha huku na huku, akakivuta. Kilipanda kidogo kidogo na sauti ya kunyonya, na kila kilipopanda watu waliona bado kinaendelea. Kilipotoka chote Mihayo aliyumba nacho.

"Kisimamishe," Limi akasema. "Hapo karibu yako. Usikifute."

Akakisimamisha ubavuni mwake. Udongo mbichi, mweusi, ulikuwa umekishika kutoka nchani mpaka usawa wa kifua cha Mihayo.

Limi akajigusa kifuani, hapo hapo.

"Tulichimba mpaka hapa," alisema. "Nilisimama ukingoni nikamwona Mageni ndani yake, amebaki kichwa na mabega."

Mihayo akakitazama kile chuma. Akakitazama tena kutoka chini kwenda juu, taratibu, kama mtu anayepima, na alipofika kwenye ule mstari wa udongo akautazama mkono wa mama yake, ambao bado ulikuwa kifuani. Hakukitupa. Akakilaza chini kwa uangalifu, mbali na pale, kisha akachuchumaa, suruali ndefu kwenye samadi, akaweka kiganja juu ya lile tundu.

Kutoka nyumbani ile redio, iliyoachwa imewashwa, ilianza kukwaruza. Saa kumi na moja ilikuwa imefika. Ilisikika sauti ya mtu kwa mbali sana, ikipotea na kurudi, na hapakuwa na neno moja la kushika. Hakuna aliyegeuka. Pantaleo peke yake ndiye aliyeinuka akaenda kuizima.

Mihayo hakuinua uso.

"Kichwa chake kiko wapi?" akauliza. "Mlimlaza akitazama wapi?"

Limi alikuwa na jibu la swali hilo kwa miaka mitatu. Alikuwa amelitunza, alikuwa amelipanga namna atakavyolisema, kwa upole, jioni fulani, mtoto atakapouliza. Sasa lilimtoka kwa hasira ile ile, na hakujaribu kuizuia.

"Kichwa kiko huku mlangoni. Amelala ubavu, anatazama kule." Akanyoosha kidole juu ya uzio wa miiba, kuelekea jua linakozama, kuelekea Geita. "Wazee walitaka alazwe kama walivyolazwa wenzake. Akakataa, akiwa bado na pumzi. Alisema wamgeuze huko, ili akuone ukija."

Kwa mbali kengele za ng'ombe zilianza kusikika, na watu wakapisha mlangoni. Limi hakumngoja mwanawe aseme kitu. Aliinua ndoo yake ya maji machafu, akatoka nayo zizini, akaenda kuyamwaga nyuma ya nyumba.