Jirani wa Ukuta wa Nyuma

Miaka kumi na tisa nauza nyumba za watu. Wananiita Mama Funguo kwa sababu ya rundo hili ninalotembea nalo kiunoni, utanisikia nakuja kabla hujaniona. Mdogo wangu husema domo langu ndilo linalotangulia, funguo zinafuata nyuma. Simbishii.

Kazi yangu ina utaratibu, na huo sijaupata kitabuni. Mteja akinijia ameshapenda rangi ya geti, namwambia akae kwanza anywe maji. Nyumba unaitazama siku ya jua, sawa, lakini unarudi siku ya mvua, tena na viatu vibovu. Unafungua mabomba yote kwa pamoja. Unatazama dari kwenye pembe, maana wauzaji hupaka rangi ukutani wakasahau pembe. Ukishahamia, ufunguo wa akiba unampa jirani anayeshinda nyumbani, si ndugu anayekaa kilomita ishirini. Na kabla ya yote hayo, mimi mwenyewe nakwenda kuketi na majirani wa pande zote, nikianza na mkazi wa zamani kuliko wote. Nawauliza maswali matatu tu: maji ya mvua yanakwenda wapi, hapa palikuwa na nini kabla ya nyumba, na ukiugua ghafla unamwita nani. Wakicheka swali la tatu, najua mtaa huo haujuani, na mteja wangu namwondoa.

Nimewaambia watu hayo mpaka wakanichoka. Halafu ikaja zamu ya mdogo wangu wa damu, nikafanya nilichokifanya.

Mdogo wangu ni nesi. Ana mabinti wawili, na tangu mkubwa azaliwe wamehama nyumba za kupanga mara saba. Mara mwenye nyumba anamleta mwanawe, mara paa linavuja na hakuna wa kulaumiwa. Yule binti mdogo alikuwa hafungui tena sanduku lake la vitabu. Ukimuuliza, anakujibu, "Ya nini, mama mkubwa? Si tutahama." Ana miaka tisa.

Kwa hiyo nilipoipata nyumba ile ya vyumba vitatu, moyo wangu ulirukaruka. Jiko lenye dirisha la kutazama ua, sebule yenye hewa, na nyuma kabisa chumba kilichoongezwa baadaye, kikubwa, cha mabinti. Mwenyewe alikuwa amefariki, na aliyekuwa akiuza ni mwanawe, mtu mzima anayefanya kazi mbali, asiyewahi kuishi pale. Mdogo wangu aliingia, akasimama katikati ya kile chumba cha nyuma, akalia. Tukapanga kusaini kwa wakili siku ya Ijumaa.

Nikaenda kwa majirani. Upande wa kulia kuna mwalimu mstaafu, mama mpole, akaniambia maji ya mvua yanashuka barabarani bila shida. Kushoto kuna seremala, naye akasema kila mtu kwenye barabara ile ana namba ya mwenzake. Mbele ni barabara. Nikabaki na wa nyuma.

Wa nyuma ni fundi cherehani, anashonea kibandani hapohapo nyumbani kwake. Na mimi na fundi yule tulikuwa hatusemezani.

Acha nieleze, maana kosa langu lina historia. Miaka miwili nyuma alinishonea gauni la kijani la harusi ya binamu yangu. Nikalichukua asubuhi ya harusi, likanibana mpaka nikashindwa kukaa. Basi nikarudi pale kibandani, mbele ya wateja wake, nikamwambia yote niliyokuwa nayo na mengine nikayatunga hapohapo. Eti yeye si fundi, ni mpasua vitambaa. Alinyanyua mkono kutaka kusema kitu, nikamkata. Alinyanyua tena, nikamkata tena. Nikaondoka na gauni langu, nikalitupia kabatini liwe ushahidi, na tangu siku hiyo nikikutana naye natazama upande wa pili.

Na nilijua vizuri kwamba ndiye mkazi wa zamani kuliko wote pale. Nilijua! Nilisimama kwenye kona ya uchochoro wake, nikasikia cherehani inalia, nikajisemea: wawili wameshasifia, huyu atanieleza nini? Nikageuza.

Jioni mdogo wangu akaniuliza, "Dada, na wa nyuma je?"

"Nimeongea naye," nikasema. "Safi kabisa."

Uongo mwepesi hivyo. Hata kikombe cha chai sikukiweka chini.

Sasa mdogo wangu si kama mimi. Yeye ni mtu wa kushukuru watu. Jumatano, alipotoka zamu, akachukua sare yake iliyofumuka begani, akaenda kwa fundi kuishonesha na kumshukuru jirani yake mpya kwa maneno mazuri aliyoyasema kuhusu nyumba. Mimi niko na mteja, namwonyesha bafu, simu inalia.

"Dada, niko kwa fundi. Anasema mlipoongea alisahau kukwambia jambo moja."

Nikasogea mlangoni, mteja asinisikie.

"Jambo gani?"

"Anasema kile chumba cha nyuma kimejengwa juu ya kisima. Marehemu alikifunika kwa mbao, akamwaga zege juu. Zamani mtaa mzima ulikuwa unachota maji pale. Anaomba radhi sana, anasema siku ile mlipoongea kichwa chake kilikuwa kwenye kazi. Dada? Unanisikia?"

Nilikuwa namsikia. Nilichokuwa sielewi ni kitu kimoja. Mtu ambaye sijamsalimu miaka miwili ameshukuriwa na mdogo wangu kwa mazungumzo ambayo hayakuwahi kuwepo, naye kajibu kwamba yalikuwepo, na kosa kalibeba yeye.

Mteja nilimwacha bafuni. Nilifika kibandani natweta, mdogo wangu ameshaondoka kwenda kuwachukua watoto. Fundi alikuwa amevaa miwani yake iliyofungwa uzi, anamalizia bega la ile sare. Hakusimamisha cherehani.

"Fundi," nikasema, "kwa nini umemwambia tuliongea?"

Akafika mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Amekuja hapa anacheka, Mama Funguo. Ananiambia, dada yangu amenihangaikia nyumba hii mpaka amekonda. Sasa mimi nimwambie nini? Niseme dada yako hakunyanyua hata mguu kuja kwangu?" Akavua miwani. "Nyumba akiikosa hii atatafuta nyingine. Dada atamtafuta wapi?"

Nikasimama pale machozi yananitiririka mbele ya mtu niliyemwita mpasua vitambaa. Alinisogezea kibenchi kwa mguu, akarudi kwenye kazi yake ili asinitazame. Sijui kama nimewahi kusitiriwa hivyo na mtu yeyote, na huyo hakuwa ndugu wala rafiki.

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, tulikwenda na mwashi, baada ya yule mwuzaji kukubali kwa simu tuvunje tuone. Mdogo wangu alikuwepo, fundi alikuwepo, mwalimu na seremala nao wakaja. Kwenye sakafu ya kile chumba mdogo wangu alikuwa ameshachora kwa chaki mahali vitanda vitakapokaa. Mstatili mmoja wa mkubwa, mmoja wa mdogo, na kaduara kidogo katikati, mahali pa meza ya kusomea.

Mwashi aligonga huku na huku. Kwenye ule mstatili wa binti mdogo, mlio ukabadilika. Akapiga nyundo mara nne, zege likapasuka jembamba mno, na chini yake mbao zimeoza, ukizigusa zinamomonyoka. Akachukua kipande cha zege, akakiangusha. Tukasubiri. Tukasubiri mpaka nikadhani hakuna kitu, ndipo tukasikia maji huko chini.

"Mvua mbili tu na sakafu inazama," mwashi akasema. "Tatu, mkiwa na bahati."

Mdogo wangu alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya chaki. Halafu akamgeukia fundi. "Mungu akubariki, kaka. Na usijilaumu kwa kusahau, umekumbuka kwa wakati."

Fundi alinyamaza tu, akitazama viatu vyake. Angenyamaza hivyo mpaka anaingia kaburini, naamini. Nafasi ilikuwa yangu kunyamaza naye, na nakiri ilinijia akilini.

"Hakusahau," nikasema. "Sikumwuliza. Sikuja kwake kabisa. Nilikudanganya kwa sababu ya gauni."

Mdogo wangu hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alinitazama, akatazama lile shimo, akatazama ile chaki. Akafuta mikono kwenye sketi, akatoka nje. Siku kumi na moja hakupokea simu yangu. Mabinti walinitumia ujumbe kwa siri kwamba mama anapika vizuri tu ila hataki kutajiwa funguo.

Siku hizo kumi na moja sikukaa. Ijumaa ile hatukusaini. Nilimfuata mwuzaji, nikamweleza, naye ni mtu mwungwana, alishtuka kuliko sisi, akakubali kukirekebisha kile chumba kwa gharama yake kabla ya kuuza. Mwashi akavunja sakafu yote, kisima kikajazwa mawe, kokoto, na mchanga ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha zege lenye nondo. Kila siku baada ya kazi nilikwenda kusimamia, na kila siku fundi alikuwa ameshafika kabla yangu, amesimama ukingoni na futi yake ya kitambaa shingoni, anamwambia mwashi, "Bado, kaka. Shindilia tena." Seremala alibeba mawe. Mwalimu alileta chai. Hakuna aliyewaomba. Mimi nilikuwa nauza maneno ya ujirani miaka kumi na tisa, kumbe sijawahi kukaa mahali nikayaona yanavyofanya kazi.

Tukangoja mvua. Ikanyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu mdogo wangu, aliyesimuliwa yote na fundi, alikuja, na viatu vibovu, kama nilivyomfundisha. Akatembea chumba chote, akirukaruka kidogo. Akaniona mlangoni.

"Dada, unalia nini?"

"Silii."

"Basi funga mdomo, unaingiza baridi." Halafu akanikumbatia, kwa nguvu hasa, kama mtu anayekukumbatia huku bado ana hasira.

Tulisaini kwa wakili, nao wakahamia mwezi uliofuata. Seremala na wenzake walibeba makabati, mwalimu akapanga vyombo jikoni bila kuulizwa vinakwenda wapi. Yule binti mdogo alifungua sanduku lake mwenyewe, akapanga vitabu vyote kwenye rafu kwa rangi. Tukakaa sebuleni juu ya maboksi, tunakunywa chai, jasho linatutoka, tunacheka ovyo. Mdogo wangu akasimama na funguo tatu mkononi. Mmoja akautia kwenye mkufu wake. Wa pili akampa binti mkubwa. Wa tatu, nikanyoosha mkono. Mimi ndiye Mama Funguo, jamani, nani mwingine?

Akanipita. Akamwekea fundi kiganjani.

"Ni wewe uliyenifundisha, dada. Unapewa jirani anayeshinda nyumbani."

Watu walicheka mpaka seremala akamwaga chai. Nami nilicheka, ingawa iliniuma, na ukweli ni kwamba ufunguo ulikuwa umekwenda mahali pake.

Fundi akaufunga ule ufunguo kwenye ncha ya futi yake. Akaniuliza taratibu, "Lile gauni bado unalo?"

Kesho yake nikampelekea. Nililitoa kwenye mfuko kwa aibu, lina mikunjo ya miaka miwili. Akaligeuza nje ndani, akanionyesha ubavuni. Pale kwenye mshono, kila upande, kulikuwa na kitambaa kimekunjwa kwa ndani, upana wa vidole vitatu.

"Nilikuachia cha kupanua," akasema. "Vipimo ulinipa mwenyewe kwa simu, nikaona vidogo, nikasema nisimbishie mama wa watu. Siku ile nilikuwa nakuomba dakika kumi tu."

"Mbona hukusema?"

"Nilianza," akasema. "Mara mbili."

Nikakaa kwenye kile kibenchi. Akafungua mshono kwa wembe, vipande vya uzi vinaanguka, na mimi kwa mara ya kwanza nikakaa mahali robo saa bila kutia neno. Alipoanza kushona upya, nikamwambia, "Fundi, nina deni kwako. Maswali matatu."

"Uliza."

"Maji ya mvua yanakwenda wapi?"

"Barabarani, kama alivyokwambia mwalimu."

"Hapa palikuwa na nini kabla ya nyumba?"

"Sasa hilo unalijua."

Anaishi peke yake, huyu mtu, na sikuwahi kulifikiria.

"Na ukiugua ghafla, unamwita nani?"

Cherehani ikasimama. Akaushika ule ufunguo ulioning'inia kwenye futi yake, akautazama kama ndiyo kwanza anauona.

"Miaka yote sikuwa na wa kumwita," akasema. "Sasa nina nesi nyuma ya ukuta."